VPN ya ofisi: intaneti ikikata inarudi yenyewe, umeme ukikatika hairudi ng'o. Tatizo liko wapi?

Karani_Kimara · Jumatatu 10 Machi 2025, saa 3:40 usiku

Wakuu salaam, na mliofunga Ramadhani njema.

Mimi ni mhasibu. Jumatatu na Alhamisi nafanyia kazi nyumbani, Kimara. Mfumo wa hesabu wa ofisi haufunguki nje ya ofisi mpaka upitie VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Mdogo wangu kabla hajasafiri kwenda kusoma alinifungia ruta yenye OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta), akaiwekea WireGuard (programu ya VPN) humo humo ndani, ili nisihangaike na programu kwenye laptopu. Nikifungua laptopu tayari nimo ofisini. Raha tupu.

Sasa mtandao wa huku mnaujua. Kwa siku unakata mara nne, mara tano. Hilo nimeshalizoea. Kinachonishinda ni hiki:

Intaneti ikikata yenyewe, umeme upo, VPN inarudi sekunde chache tu baada ya mtandao kurudi. Sigusi kitu. Lakini umeme ukikatika ukarudi, VPN inakufa moja kwa moja. Na kwa vile kila kitu kinapita humo, nyumba nzima inakuwa haina intaneti, watoto na katuni zao wananililia mimi. Nikichomeka laptopu kwenye kiboksi cha faiba bila kupitia ruta, intaneti ipo safi.

Mambo mawili yamewahi kuiponya. La kwanza, naingia kwenye ruta, nasimamisha VPN, nakunywa chai, naiwasha: inashika. Lakini nikisimamisha na kuwasha papo hapo haishiki. Hiyo chai ni ya lazima, sijui kwa nini. La pili, siku moja nilimpigia jamaa wa IT ofisini, akaizima na kuiwasha upya WireGuard ya kwenye seva yao, ya kwangu ikashika dakika hiyo hiyo. Tangu siku ile mimi nasema tatizo ni la seva yake, yeye anasema ni ruta yangu, na bosi anasema mimi natafuta sababu ya kutofanya kazi.

Msaada tafadhali.

Kijana_Buguruni · saa 3:44 usiku

Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi.

Mzee_Bando · saa 3:51 usiku

Kaka hiyo ruta ya kuchokonoa chokonoa ndiyo mchawi wako. Toa, rudisha ile waliyokupa watu wa intaneti, weka VPN kwenye simu, washa hotspoti, maisha yaendelee. Mimi nina ya bure kwenye simu mwaka wa pili huu haijanisumbua.

Karani_Kimara · saa 3:55 usiku

Ni dada, mzee wangu. Na VPN yenyewe ni ya ofisi, si ya kufungulia mitandao. Ila umenikumbusha kitu: kwenye simu yangu ofisi walinipa WireGuard yenye funguo zake, na ile haijawahi kugoma hata siku moja. Hata umeme ukiwa umekatika, nikiwa na bando inashika hapo hapo. Seva ni ile ile.

Msomi_Makumbusho · saa 4:10 usiku

Kabla hamjafika mbali, hakikisheni hiyo VPN imesajiliwa. Tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la tarehe 13 Oktoba 2023 lilitaka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN zitoe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi ule.

Karani_Kimara · saa 4:13 usiku

Ofisi walishamaliza hilo, barua ninayo. Turudi kwenye ugonjwa.

Tanga_Raha · saa 4:30 usiku

Hizi ni kebo za baharini tu. Mmesahau tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilivyokatika siku moja? Tulikaa siku kadhaa tunatazama kiduara kinazunguka. Baharini kukitetereka kidogo, VPN ndiyo ya kwanza kufa.

fundi_swichi · saa 4:48 usiku

Kebo ya baharini ikikatika tunalia nchi nzima. Haisubiri umeme wa Kimara ukatike. Huyu dada ana ugonjwa wenye ratiba, na ugonjwa wenye ratiba unatibika.

Karani, maswali matatu. Hiyo shida imeanza lini hasa? Seva ya ofisi umeiandika kwa jina au kwa namba za IP? Na PersistentKeepalive imewekwa ngapi?

Karani_Kimara · saa 5:02 usiku

1. Januari mwishoni. Zamani ruta ilikuwa kwenye UPS ndogo (kiboksi cha umeme wa akiba) ya mdogo wangu, betri ikafa, nikaitoa.
2. Namba.
3. Hapo pako wazi, hakuna kitu.

fundi_swichi · saa 5:20 usiku

Basi tuanze na hilo pengo.

WireGuard haina tabia ya kupiga kelele. Kama hakuna wa kutuma data, inanyamaza kabisa. Sasa intaneti nyingi za majumbani siku hizi hazikupi anwani yako mwenyewe, mko wateja mia kidogo nyuma ya anwani moja ya mtoa huduma. Angalia IP ya upande wa nje wa ruta yako: ikianzia 100.64 mpaka 100.127 ujue ndiyo hiyo. Mtambo wa mtoa huduma unakumbuka kwamba "pakiti zinazorudi kwenye mlango huu ni za Karani", lakini ukinyamaza, vingine vinakusahau ndani ya sekunde 30 tu. Ofisi ikitaka kukutumia kitu, inakuta mlango umefungwa. Ukiandika 25, ruta inatuma pakiti tupu kila sekunde 25, mlango haufungwi.

Weka 25 halafu tuone. Ila nakwambia mapema sidhani kama ndiyo mwisho wake, maana pengo hili peke yake halielezi kwa nini unapona kwa kikombe cha chai.

Nyali_Kid · Jumanne 11 Machi 2025, saa 2:15 asubuhi

Wadau hamjambo, niko Mombasa na nina langu linalofanana. VPN inaungana vizuri, nikipiga ping kule kazini inajibu, lakini kurasa hazifunguki. Zinakaa tu nyeupe. WhatsApp maandishi yaenda, picha haziendi. Laini yangu ni ya kuingia kwa jina na nywila kwenye ruta, PPPoE. Nisaidieni jamani.

fundi_swichi · saa 2:40 asubuhi

Lako ni jepesi. Kila pakiti ina kimo cha mwisho inachoruhusiwa kupita nacho. Mlango wa kawaida ni baiti 1500. PPPoE inakula 8, zinabaki 1492. WireGuard nayo inaongeza bahasha yake juu: baiti 60 ukienda kwa IPv4, 80 kwa IPv6. Yenyewe kwa mazoea inajiwekea 1420, ambayo ukijumlisha 80 ya IPv6 inafika 1500, na mlango wako ni 1492. Ndogo zinapita, kwa hiyo ping na meseji zinafika. Kubwa zinagonga kichwa mlangoni.

Weka kimo hicho (MTU) cha WireGuard 1412. Ikiendelea kuleta shida shusha 1380, halafu 1280. Usianzie 1280 kwa uvivu.

Nyali_Kid · saa 3:05 asubuhi

1412 imekubali! Picha zaenda. Mungu akubariki. Nitakaa hapa nione la dada litaishaje.

Stoo_ya_Spea · saa 4:30 asubuhi

Na mimi naweka kambi. Dukani Kariakoo nina kompyuta ya mezani ya zamani, VPN yake ni OpenVPN, kila asubuhi nikifungua duka inagoma na maneno mekundu ya cheti. Nikihangaika hangaika inakuja ikikubali. Sitaki kuvuruga uzi wa mtu, malizeni kwanza.

Karani_Kimara · saa 4:20 usiku

Nimeweka 25 sasa hivi, nimehifadhi. Tusubiri umeme ukatike, kitu ambacho najua hakitachelewa.

Karani_Kimara · Alhamisi 13 Machi 2025, saa 2:25 usiku

Haya. Umeme umekatika saa 12:20 jioni, tumefuturu kwa tochi ya simu, umerudi saa 2:10. VPN haipo. Mdogo wangu kanielekeza kwa simu jinsi ya kuingia ndani kwa amri, nimenakili nilichokikuta. Funguo na anwani nimezificha.

```
interface: ofisi
peer: (nimeficha)
  endpoint: (nimeficha):51820
  allowed ips: 0.0.0.0/0
  transfer: 0 B received, 14.45 KiB sent
  persistent keepalive: every 25 seconds
```

Na hii ni logi, daftari la matukio ya ruta:

```
Tue Mar 11 22:06:44 2025 daemon.notice netifd: Interface 'wan' is now up
Tue Mar 11 22:06:46 2025 daemon.notice netifd: Interface 'ofisi' is now up
```

Inasema "ofisi is now up" wakati hakuna chochote kilicho juu. Yaani hata ruta inanidanganya.

Mzee_Bando · saa 2:33 usiku

Dada umetuma kilobaiti 14 umepokea sifuri. Hao ofisini wamekublock.

Tanga_Raha · saa 2:41 usiku

Fayawoli ya ofisi hiyo. Hakuna kingine.

Kijana_Buguruni · saa 2:50 usiku

Au ruta imechoka? Ruta nazo huchoka, haki ya Mungu.

fundi_swichi · saa 3:30 usiku

Nimetoka tarawehe ndiyo nasoma.

Fanyeni hesabu hapa. Salamu ya kwanza ya WireGuard, ile ya kubisha hodi, ina baiti 148, haizidi wala haipungui. 14.45 KiB ni baiti 14,800 hivi. Gawa kwa 148 unapata mara 100. Kwa hiyo ruta imepiga hodi mara mia moja, haijatuma kitu kingine chochote, na hakuna aliyeitika hata mara moja. Inarudia kila sekunde 5 na ushee, ndiyo hizo dakika nane tisa tangu ilipowaka.

Fayawoli siiamini, kwa sababu seva hiyo hiyo, mlango huo huo, inaitikia simu yake. Na intaneti tu ikikata inaitikia ruta yake vile vile. Kwa hiyo hodi zinafika. Ofisi inazisikia, inaamua kukaa kimya. WireGuard ndivyo ilivyoumbwa: ikipokea hodi isiyoipenda hairudishi hata neno moja, ukiwa nje unaona kama nyumba haina mtu.

Swali sasa ni nini kwenye hodi yake hawakipendi. Funguo ni zile zile.

Karani, leo kwako ni tarehe ngapi?

Karani_Kimara · saa 3:34 usiku

Tarehe 13, Alhamisi. Kama kwako. Kwani vipi?

fundi_swichi · saa 3:36 usiku

Isome tena ile logi uliyobandika.

Karani_Kimara · saa 3:41 usiku

Mungu wangu. Inasema Jumanne tarehe 11.

Saa 22:06, saa nne na dakika sita usiku. Wakati ule ndio nilikuwa nahifadhi ile 25 yako!

Nyali_Kid · saa 3:43 usiku

Ebo! Nimeipita hiyo logi mara tatu na sikuiona.

fundi_swichi · saa 4:15 usiku

Sote tuliipita. Jicho huwa linaruka tarehe.

Sasa nieleze taratibu, maana hapa ndipo penye utamu.

Kompyuta yako ina kibetri kidogo cha kutunza saa hata ikizimwa. Ruta nyingi za nyumbani hazina. Umeme ukienda, na saa inakwenda. OpenWrt ikiwaka upya inajua haijui saa, basi inabahatisha: inapekua mafaili yote ya setingi kwenye /etc, inachukua tarehe ya lile lililoguswa mwisho, inasema "basi sasa ni saa hii". Kwako faili la mwisho kuguswa lilikuwa la Jumanne usiku. Ruta ikaamka Alhamisi ikidhani ni Jumanne. Kawaida haina madhara, kwa sababu intaneti ikirudi inauliza saa kwa seva za NTP, inajirekebisha ndani ya sekunde chache.

Upande wa pili ni WireGuard. Kila hodi ina muhuri wa saa ndani yake. Seva inakumbuka muhuri mkubwa kuliko yote iliyowahi kupokea kutoka kwako, na hodi yoyote yenye muhuri ulio sawa au wa nyuma yake inatupwa. Hilo limewekwa kwa makusudi: mtu akinasa hodi yako ya jana hewani akairudisha leo, asiweze kukuvurugia. Kwa hiyo leo saa 12:20 kabla umeme haujakatika seva ilikuwa na muhuri wako wa leo jioni. Umeme umerudi, ruta inabisha hodi na muhuri wa juzi. Kwa macho ya seva wewe ni mwizi uliyenasa hodi ya zamani.

Ungeiacha bila kuigusa ingekubaliwa saa ya ruta itakapoufikia muhuri wa mwisho. Toka Jumanne saa 4 usiku mpaka Alhamisi saa 12 jioni ni kama saa 44. Na zamani, kabla hujagusa setingi, faili la mwisho huenda lilikuwa la miezi nyuma.

Msomi_Makumbusho · saa 4:22 usiku

Sawa, lakini umesema inajirekebisha saa kwa NTP. Mbona kwake hairekebishi?

fundi_swichi · saa 4:31 usiku

Tazama mstari wa allowed ips. 0.0.0.0/0. Maana yake kila kitu kinachotoka kipite ndani ya VPN, na hilo swali la "saa ngapi?" nalo linapita humo humo. Saa hairekebishiki mpaka VPN ishike, VPN haishiki mpaka saa irekebishwe. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba yenyewe.

Chai yako sasa ina maelezo, dada. Ukiisimamisha VPN njia ya kawaida inafunguka, ruta inauliza saa, inajibiwa. Unaporudi na kikombe saa iko sawa, unawasha, hodi inakubaliwa. Ukizima na kuwasha papo hapo hukuipa nafasi ya kuuliza.

Na jamaa wa IT alipoizima seva na kuiwasha, kumbukumbu ya mihuri ikafutika maana haiandikwi popote, inakaa kichwani tu. Ikakubali muhuri wowote. Kwa hiyo nyote wawili mlikuwa na ushahidi na nyote wawili mlikosea.

Simu nayo ina betri yake na saa ya mtandao. Haipotei.

Karani_Kimara · saa 4:40 usiku

Nimeicheka hii peke yangu mpaka watoto wameamka. Miezi miwili nagombana na mtu kumbe ni SAA.

Nifanyeje sasa?

Mzee_Bando · saa 4:44 usiku

Nunua UPS nyingine yaishe, mbona mnazunguka.

fundi_swichi · saa 4:58 usiku

UPS anunue, tena zile ndogo za ruta, ila aangalie kwanza adapta yake imeandikwa volti 9 au 12, na kichwa cha plagi. Lakini umeme wa huku ukikaa saa sita UPS inaisha, tunarudi pale pale. Tulitibu kwanza.

Dada, kwa nini katuni za watoto zinapitia ofisini kwenu?

Karani_Kimara · saa 5:01 usiku

Sijui! Ndivyo alivyoiweka.

fundi_swichi · saa 5:10 usiku

Muulize jamaa wa IT mtandao wa ofisi ni namba zipi, kwa mfano 10.20.0.0/16. Kwenye allowed ips futa zile sifuri, andika hizo tu. Ofisi ipite VPN, dunia nyingine ipite njia yake. NTP itatoka yenyewe, saa itakaa sawa, na hodi inayofuata itaitikiwa. Haihitaji skripti wala uganga.

Karani_Kimara · Ijumaa 14 Machi 2025, saa 2:50 usiku

Nimefanya, ni hiyo hiyo 10.20. Jamaa wa IT alipoambiwa kuhusu katuni alicheka, akasema alikuwa anashangaa kwa nini mhasibu mmoja anakula mtandao kuliko idara nzima.

Nimechomoa ruta ukutani kwa mkono wangu, nikahesabu mpaka thelathini, nikachomeka. Dakika moja na nusu, VPN imeshika. Chai sikunywa. Fundi, pokea maua yako.

Kijana_Buguruni · saa 2:53 usiku

Uzi umefungwa kwa ushindi!

Karani_Kimara · Jumatatu 17 Machi 2025, saa 1:30 usiku

Msiufunge.

Asubuhi mfumo wa hesabu ulikuwa unafunguka mara moja, mara ya pili unasema jina halijulikani. Nikampigia IT, akaniambia niweke DNS zote za ruta, zile za kutafsiri majina kuwa namba, zielekee seva yao, 10.20.0.5, nifute nyingine. Nikafanya, mfumo ukatulia kabisa. Saa 9 alasiri mvua ikanyesha, umeme ukaenda ukarudi. VPN imekufa vile vile kama zamani. Logi inasoma saa 3 ya leo asubuhi.

fundi_swichi · saa 3:45 usiku

Umeufungia tena ufunguo ndani, safari hii kwa mlango wa uani.

Ruta haiulizi saa kwa namba, inauliza kwa jina: 0.openwrt.pool.ntp.org na wenzake. Ili ijue jina hilo ni namba gani, inauliza DNS. DNS pekee iliyobaki iko ofisini, ndani ya VPN. Mzunguko ule ule.

Jamaa wa IT hakukosea kuhusu asubuhi. Ulikuwa na DNS mbili, ya ofisi na ya mtoa huduma. Jina la mfumo wenu linajulikana ofisini tu. Swali likimwangukia wa nje anajibu hakuna kitu kama hicho, na wewe unaona mfumo umepotea. Ila dawa yake ilikuwa kali mno.

Fanya hivi. Rudisha DNS ya kawaida kwa mambo yote. Halafu kwenye sehemu ya kuelekeza maswali ya DNS andika mstari mmoja, ukitumia jina la mtandao wenu:

```
/ofisi.lan/10.20.0.5
```

Maana yake: jina lolote linaloishia na ofisi.lan kamuulize 10.20.0.5, mengine yote uliza nje. Na kwenye orodha ya seva za saa ongeza moja ya namba tupu, 162.159.200.1, hiyo ni ya Cloudflare. Hata DNS ikifa siku moja, saa itaulizwa bila jina.

Karani_Kimara · Jumanne 18 Machi 2025, saa 4:05 usiku

Nimeweka yote mawili. Nimechomoa mara tatu, na mara ya nne umeme wenyewe ukanisaidia kuchomoa. Zote imerudi: dakika 1 na sekunde 20, 1 na 35, 1 na 30, na ile ya umeme halisi sikuipima kwa sababu niligundua tu pale watoto walipoanza kuangalia katuni. Mfumo wa hesabu unafunguka kila nikiugusa.

Nimekaa naitazama ile logi. Kwa sekunde kama arobaini inaandika tarehe ya jana usiku, mistari inapita, halafu ghafla mstari unaofuata ni leo. Imeruka siku nzima katikati ya mistari miwili. Nimempigia picha ya skrini jamaa wa IT nikamtumia bila maneno. Amejibu "samahani". Na mimi nimemwomba yeye.

Nyali_Kid · saa 4:11 usiku

Mwisho mwema huu. Hiyo samahani waiweke fremu.

Mzee_Bando · saa 4:15 usiku

Mimi bado nasema UPS.

Karani_Kimara · saa 4:17 usiku

Nimenunua mzee wangu, volti 12. Nimekusikia.

Stoo_ya_Spea · saa 4:30 usiku

Sasa naomba na mimi nisikilizwe kidogo. Ile kompyuta ya dukani, asubuhi OpenVPN inaandika hivi:

```
VERIFY ERROR: depth=1, error=certificate is not yet valid
```

Aliyenifungia anasema cheti kimeharibika nimlipe atengeneze kipya. Lakini ikifika saa nne tano hivi, mpwa wangu akija akaichezea chezea, cheti hicho hicho kinafanya kazi mpaka jioni. Nikifunga duka nazima swichi kubwa ya ukutani.

fundi_swichi · saa 4:34 usiku

Usimlipe mtu bado. Huyo mpwa akija huwa anagusa nini kwanza?

Stoo_ya_Spea · saa 4:36 usiku

Sijawahi kumwangalia vizuri. Huwa anabonyeza pale chini kulia.

fundi_swichi · saa 4:37 usiku

Kesho ukiiwasha, kabla hajaja, soma pale chini kulia pameandikwa nini.

Stoo_ya_Spea · Jumatano 19 Machi 2025, saa 2:08 asubuhi

1 Januari 2009.

Duh.

fundi_swichi · saa 2:20 asubuhi

Fungua boksi la kompyuta. Ndani kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Nenda nayo kwa muuza saa hapo hapo Kariakoo.